Mwaka wa Injini ya Mtumba

Mwaka jana tulimzika Fundi Shija nyumbani kwake Sapiwi. Nilifika msibani jua limeshapanda, nimejaa vumbi, na kabla sijapewa kiti nikamwona Maduhu. Alikuwa amekaa na wanaume karibu na zizi, kichwa cheupe chote, anacheka vilevile alivyokuwa anacheka zamani, mdomo umefungwa na mabega ndiyo yanatikisika. Tulikuwa hatujaonana tangu ujana wetu. Mtu mwingine angefurahi, angekwenda kumkumbatia. Mimi, nitasema kweli maana kwa umri huu sina ninachomfichia mtu, kitu cha kwanza nilichotazama ni viatu vyake. Vilikuwa vya ngozi, vimepigwa rangi, vizuri kuliko vyangu. Halafu nikatazama waliomzunguka. Vijana watano wamevaa suruali za kazi, wanafunzi wake wa ufundi, amekuja nao kutoka Kahama kwa gari lake mwenyewe. Mimi nilikuja kwa bodaboda. Nikasema moyoni, kumbe ule ugonjwa haujapona. Yaliyotokea pale msibani nitayafikia, lakini nikianzia hapo hamtanielewa. Lazima kwanza mlijue gari.

Habari za baba yangu na mama yangu sitazileta hapa. Kwetu mtu akiombwa aeleze maisha yake anaanza na babu aliyehama na ng'ombe, anavuka naye kila mto, na kabla msimuliaji mwenyewe hajazaliwa wasikilizaji wameshasinzia. Mimi niliishia darasa la nne, mambo mengi siwezi kuyapanga, kwa hiyo nitaanza na chumba. Kilikuwa Bariadi mjini, nyuma ya gereji ya Fundi Shija. Gereji naiita hivyo kwa heshima tu. Ilikuwa uwanja wa mchanga mweusi kwa oili, uzio wa minyaa, banda moja la bati, na miti mitatu mirefu iliyofungwa pamoja juu kwa ajili ya kunyanyulia injini kwa cheni. Chumbani tulilala wawili, mimi na Maduhu, kitanda kimoja cha kamba. Godoro tulilishona wenyewe kwa magunia tukajaza pamba tuliyookota barabarani, ile inayodondoka kwenye malori. Pamba ile ilikuwa na mbegu zake, ukigeuka zinakuchoma ubavuni, na asubuhi mtu anaamka ana alama kama amelala juu ya mahindi. Ukuta wa upande mmoja tuligawana na chumba ambacho Fundi Shija alikiita ofisi, na ukuta huo haukufika kwenye bati. Mtu akipiga chafya ofisini, sisi tulimwambia afya.

Tulikula kwa Mayu Holo, mama mmoja mwenye sauti nzito kama ya mwanaume, aliyekuwa na kibanda ng'ambo ya barabara. Asubuhi chai na matobolwa, yale ya viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, unayatafuna mpaka taya zinauma. Mchana ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, au maziwa ya mgando. Siku samaki wakifika kutoka Lamadi, mji mzima ulijua kwa harufu, na Mayu Holo alikuwa anawapa watu vichwa au mikia kwa jinsi anavyokuona. Mwanzoni mimi nilikuwa napewa kichwa. Alipofika Maduhu nikaanza kupewa mkia. Mnaweza kucheka, lakini wivu hauanzi na vitu vikubwa.

Na Maduhu ni mimi niliyemleta. Alitoka Mkula, kijana mrefu mwembamba, mpole kupita kiasi, hajui spana namba kumi na tatu wala kumi na nne. Nilimkuta stendi anashusha mizigo, nikampenda kwa sababu alikuwa ananisikiliza. Mimi naongea sana, mnaona wenyewe, na mtu wa kunisikiliza ni adimu. Nikamwombea kazi kwa Fundi Shija. Nikamfundisha kufungua, kuosha, kupanga bolti kwenye kopo kwa mpangilio wa kutoka. Mwaka haujaisha, Maduhu anasikiliza injini akiwa anakunywa chai upande wa pili wa barabara, anasema, "Lile lori valvu ya tatu haifungi." Unakwenda, unafungua, valvu ya tatu. Mimi niliyekuwa pale tangu zamani nilikuwa bado nahitaji kuweka sikio kwenye bisibisi.

Sasa mwaka wenyewe ulikuwa ule wa kwanza wa soko huria. Kabla yake pamba ilikuwa inanunuliwa na ushirika peke yake. Mkulima anapeleka, anapanga mstari, anasubiri, na karani akiamua leo hakuna magunia basi unarudi nyumbani na punda wako. Mwaka ule serikali ikasema mwenye mtaji anunue. Ghafla Bariadi ikajaa watu wenye mikoba, wenye mizani mipya, wenye haraka. Kila mmoja alitaka kufika kwa mkulima kabla ya mwenzake, na njia za kwetu mnazijua, mbuga ya udongo mweusi huku, mto wa mchanga kule. Aliyekuwa na gari dogo linaloweza kupita porini ndiye aliyewahi kupatana na wakulima, malori yakafuata nyuma. Na vitu vya mtumba navyo vikaingia. Mashati ya mtumba, redio za mtumba, na Mwanza zikaanza kushushwa injini za mtumba kutoka Japani, zimefungwa kwa waya, bado zina oili ya huko kwao.

Mmoja wa wanunuzi wale tulimwita tajiri, jina lake silitaji. Alikuja gerejini na kigari kifupi cha fowili, kinachovuta kwa magurudumu yote manne, milango miwili, turubai juu, rangi ya majani. Kilikuwa kimekokotwa na trekta. Injini yake ya petroli, ndogo kama ya kuchezea, ilikuwa imepasuka kabisa. Kwenye trekta alikuwa na injini nyingine ya dizeli, ya mtumba, imetolewa kwenye pikapu. Akasema, "Fundi, nataka hii iingie humu." Fundi Shija akazunguka kile kigari mara mbili, akasema, "Ni kama kumvalisha mtoto koti la baba yake." Tajiri akasema, "Koti likiwa kubwa fundi cherehani analipunguza." Wakaingia ofisini.

Mimi siku ile nilikuwa na homa ya malaria, nikishampokea tajiri nikarudi chumbani kulala, nimejifunika shuka mpaka kichwani. Nikasikia yote. Tajiri aliuliza, "Hawa vijana wako, nani ataiweza?" Fundi Shija akasema, "Maduhu. Yule mrefu. Ukimpa kitu anakitazama mpaka kitu chenyewe kinaona haya." Tajiri akauliza, "Na huyu mwingine, huyu aliyenipokea?" Nikasikia Fundi anapuliza chai. "Masunga ana mdomo. Gereji nayo inahitaji mdomo. Mwache akae na wateja." Wakacheka wote wawili, si kwa ubaya, na hilo ndilo liliuma zaidi, maana walicheka kama watu wanaosema jambo ambalo kila mtu analijua. Kisha tajiri akasema, "Basi kigari kikisimama, atakayekisimamisha nitaondoka naye. Nataka dereva ambaye ni fundi. Msimu huu na mingine. Nitamlipa kwa mwezi, nitamvisha." Nikajifunua shuka. Homa iliendelea, lakini nadhani kuanzia pale haikuwa malaria tu.

Kwa mtu wa leo hilo halitaonekana kitu. Kwetu wakati ule, kijana wa gereji alikuwa analipwa kwa sahani ya ugali na sabuni. Kuwa dereva wa mnunuzi, kuingia Lingeka na Meatu yote umekaa mbele, watoto wanakukimbilia, wazee wanakuamkia "mwangaluka, bhabha" wakati wewe ndiye ulipaswa kuwaamkia wao, hiyo ilikuwa kuzaliwa mara ya pili. Na kazi ile nilijua ni yangu. Nani aliyetangulia? Nani aliyemfundisha mwenzake? Nikajiambia hivyo kila siku, asubuhi na jioni, kama dawa.

Maduhu aliifanya kazi ile kwa namna ambayo mpaka leo nikiikumbuka nakunja uso. Giaboksi ya kile kigari na injini ya dizeli hazikujuana, matundu ya bolti yalikuwa tofauti. Akaomba bamba la chuma zito kutoka kwenye vyuma chakavu vya kiwanda cha kuchambulia pamba. Akachukua karatasi za mfuko wa saruji, akazipaka grisi, akazibandika uso wa injini, kisha uso wa giaboksi, akapata picha mbili. Akaziweka moja juu ya nyingine, akatafuta katikati kwa uzi na chaki. Siku sita alikata lile bamba kwa msumeno wa mkono na tupa, hakuna mashine, anakata, anapima, anapuliza vumbi, anakata. Watu wakawa wanakuja kumtazama kama wanavyotazama ngoma. Mayu Holo alikuwa anamvukishia chakula barabara mwenyewe. "Mletee maji, Masunga, huoni mwenzako anakauka," aliniambia. Nikamletea. Alipounganisha, bolti zote ziliingia kwa vidole, bila nyundo. Fundi Shija alizipitisha mkono moja moja, akasema tu, "Haya." Kwa Fundi Shija neno hilo lilikuwa medali. Mimi hakuwahi kuniambia haya.

Injini ilikuwa ndefu na nzito, ikabidi ikae chini kidogo na mbele kidogo ili boneti ifunge. Siku ya kukaza vikalio vyake, vile inavyokalia kwenye fremu, nikatumwa mimi niingie chini, kwa sababu ni mfupi. Nikalala chali kwenye mchanga, spana mkononi. Juu ya pua yangu kulikuwa na sampu, lile bakuli la oili linaloning'inia chini ya injini. Chini yake kulikuwa na difu la mbele, lile bonge la chuma katikati ya ekseli. Nikaingiza vidole katikati. Viwili vilipita, cha tatu kikakataa. Nikatazama pembeni, pale kwenye fremu ambapo huwa pana kipande cha mpira cha kuzuia springi zisikunjike kupita kiasi. Pande zote mbili mipira haikuwepo. Mtu alishaikata zamani, bila shaka akatengeneza soli za kandambili. Hapo nikajua. Niliwahi kuona kitu cha namna hiyo kwenye Landrova ya misheni. Gari likiwa limesimama mchangani halina mzigo, vidole viwili vinatosha. Likipakia watu likadumbukia kwenye shimo, springi zinakunjika, difu linapanda, na mpira wa kulizuia haupo. Litapanda mpaka lipige sampu kama ngumi inavyopiga kidevu.

Maduhu akainama, nikaona uso wake umepinduka, jasho linamtiririka kuelekea kwenye nywele. "Vipi huko, ngosha?"

Nikasema, "Bolti zimekaza."

Maneno mawili tu. Mimi ambaye nikiulizwa saa naeleza na hali ya hewa. Sikukata kitu, sikulegeza kitu, mikono yangu ilikuwa safi kabisa isipokuwa grisi. Nimeishi na hiyo hoja miaka mingi, kwamba sikufanya kitu.

Kigari kiliwaka kwa mara ya pili ya kuzungusha ufunguo. Kilinguruma kwa uzito, kama mbwa mdogo mwenye sauti ya simba, na watoto wakakimbia kisha wakarudi. Maduhu akavaa shati jipya alilopewa na tajiri, akaondoka naye kwenda Lingeka na mizani, magunia, na wapimaji wawili nyuma. Mimi nilibaki gerejini nikiongea na wateja. Sijawahi kuongea vibaya namna ile. Mwenye pikipiki mmoja aliniambia, "Leo Masunga unajibu kama karani wa ushirika."

Siku ya tatu kikarudi kinavutwa na maksai wanne. Msafara ule ulipita katikati ya soko, kijana wa Lingeka mbele na fimbo anaita ng'ombe kwa majina, tajiri anatembea kwa miguu huku ameshika kiatu kimoja, na Maduhu kwenye usukani anatazama mbele tu kama mtu anayepelekwa mahakamani. Wakaingia kwa Mayu Holo wakanywa maji, sisi wote tukawazunguka. Maduhu akaeleza taratibu. Walikuwa wanavuka mto, mkavu, mchanga mtupu. Gurudumu la mbele likadumbukia. Akasikia ko. Akanusa oili. Akazima injini palepale, na kwa kuzima haraka ndivyo alivyoiokoa. Akachungulia chini, akakuta sampu imepasuka, oili inanyonywa na mchanga. "Ni jiwe," alisema. "Jiwe lilikuwa limefukiwa."

Yule kijana wa maksai alitua kikombe. "Jiwe gani, kaka? Mto ule sisi tunachimba maji humo tangu wadogo. Hakuna jiwe hata la kumrushia ndege."

Mayu Holo akasema huku anafuta meza, bila kumtazama mtu, "Basi limetumwa." Na macho yote yakanigeukia mimi.

Lazima niwaeleze hapa kwa nini mimi. Kwetu pamba ikishavunwa ni msimu wa ngoma, na wacheza ngoma tumegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu. Pande hizo hucheza siku moja uwanja mmoja, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila upande una dawa zake za kuvutia watu na za kuharibu mambo ya wenzao, na nyimbo za kutukanana ambazo siwezi kuziandika, wajukuu wanasoma. Mimi nilikuwa Mgika. Maduhu alikuwa Mgalu, na wiki iliyofuata pande zetu zilikuwa zinakutana. Kila mtu alijua tunalala kitanda kimoja na tunacheza pande mbili, ilikuwa utani wa siku zote. Sasa utani ukageuka ukawa ushahidi. Mto hauna mawe, gari limepigwa na jiwe, na kwenye ngoma rafiki yake yuko upande wa pili.

Jioni ile mkubwa wetu wa ngoma alinijia na pombe ya mtama. Mzee aliyekuwa hanijui hata jina akaniita "ngosha wane", mwanaume wangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umelitupia wapi, mtoni au njia panda?" Ningeweza kusema, mzee, ni difu. Badala yake nilikunywa, nikafuta mdomo, nikasema, "Mambo mengine hayaulizwi." Akanipiga begani. Wiki nzima watu walinipisha njiani. Hata Mayu Holo alinipa kichwa cha samaki, kwa woga. Nilikuwa nimetaka heshima kwa mikono yangu nikaipata kwa jiwe ambalo halikuwepo, na nitakuwa mwongo nikisema haikuwa tamu.

Maduhu alikwenda kwa mfumu, mganga wa upande wao, akarudi na chale mbichi kwenye viganja na kipande cha mti kimefungwa chini ya dashibodi. Sampu akaichomelea ikarudi palepale ilipokuwa. Hakupima nafasi. Mtu ambaye angesikia valvu kutoka ng'ambo ya barabara hakuingiza hata kidole, kwa sababu alikuwa ameshaambiwa jibu. Mchana wake tulikula pamoja, sahani moja kama siku zote. Akaniambia, "Mfumu amesema adui yangu nakula naye sahani moja." Nilikuwa na tonge mkononi, sikulipeleka mdomoni wala sikulirudisha. Akasukuma kipande cha samaki upande wangu. "Nimemwambia, mzee, hapo umekosea. Ninayekula naye ni Masunga." Akaendelea kula. Mimi nikala kile kipande, na miiba yake.

Tajiri alikuwa amekasirika. Nilimsikia tena kupitia juu ya ukuta akimwambia Fundi Shija kwamba anajaribu mara moja tu. Kikiharibika tena anakipakia kwenye lori anakipeleka Mwanza, na huko kuna mafundi, na sisi tubaki na ng'ombe wetu. Ningependa kuwaambia kwamba huruma iliniingia. Ingekuwa simulizi nzuri zaidi. Kilichoniingia ni hesabu ya mtu mwenye wivu. Kikiharibika tena, kazi inakwenda Mwanza, haipati Maduhu wala mimi. Nikisema sasa, chumbani, kwa Maduhu peke yake, atarekebisha na kazi ni yake. Lakini nikisema mbele ya tajiri, watu wamejaa, yeye ameshakaa kwenye usukani, hapo kazi ina mwenyewe mwingine.

Asubuhi ya safari nikapitia kwa Mayu Holo nikaomba kipande cha ugali wa jana, mwiku, ule uliokauka juu na laini ndani. Akaniuliza wa nini, nikasema wa kifungua kinywa. Uwanja wa gereji ulikuwa umejaa, Bagalu kwa Bagika, wamekuja kuona kama dawa ya mfumu itashinda. Maduhu alikuwa kwenye usukani. Nikasema kwa sauti, "Tajiri, kabla hujapanda, naomba nikuoneshe hilo jiwe." Nikaingia chini, nikabandika tonge juu ya difu, chini ya sampu kabisa. Nikatoka nikaomba wanaume sita wazito wapande mbele, wawili kwenye bampa, waliobaki kwenye boneti, wakaambiwa waruke pamoja. Wakaruka mara tatu. Tukasikia ko. Sauti ileile, ndogo, ya aibu. Nikarudi chini nikautoa ule ugali. Ulikuwa umebanwa ukawa kama chapati, na bolti ya kumwagia oili imejichora katikati kama muhuri wa mtendaji.

Nikampa tajiri mkononi. Akautazama, akautazama mti uliofungwa kwenye dashibodi, akaanza kucheka. Kisha wote wakacheka. Mgalu mmoja, mwenzake Maduhu wa ngoma, alisema, "Kumbe jiwe tulikuwa tunatembea nalo, Maduhu amelifunga mwenyewe kwa bolti." Mwingine akauliza kama mfumu atarudisha mbuzi aliyelipwa kwa dawa. Maduhu alishuka, akauchukua ule ugali kwa tajiri, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye ile alama. Hakuona haya kwanza. Aliona kazi. Nilimwona anaielewa, macho yanapanda kwenye springi, yanatafuta mpira, yanaona haupo, yanarudi. Kisha akanitazama.

"Ulijua lini?"

Nikasema, "Leo asubuhi."

Akatikisa kichwa taratibu. "Asante, ngosha. Ningerudi tena na maksai."

Alirekebisha mwenyewe. Alitengeneza vikalio vipya vya kuinua injini, akakunja boneti kwa nyundo ipate nafasi, akakata mipira mipya kutoka tairi la lori. Siku mbili tu. Tajiri akasema anaondoka na yule aliyeliona jiwe, basi mimi nikapanda kwenye usukani, nimevaa shati lililoshonwa kwa kipimo cha Maduhu, mikono inanifunika vidole, nikaondoka na tajiri. Ndiyo, niliamkiwa na wazee. Ndiyo, watoto walinikimbilia Lingeka na kwingine kote. Lakini gari lile kila lilipopanda mlima bila kulalamika lilikuwa linamsifia mwenzangu. Watu wakiniuliza, "Injini hii aliiweka nani?" mara mbili tatu nilisema ni mimi, na kila nikisema ilikuwa kama nimeiba tena. Niliporudi mwisho wa msimu, Maduhu alikuwa ameshahama. Fundi Shija aliniambia amekwenda Kahama kwenye magari ya migodini. Hakusema zaidi. Kitanda kilikuwa changu chote na sikupata usingizi mzuri. Tajiri naye baada ya misimu michache biashara ikamshinda kama ilivyowashinda wengi, akauza gari, na mimi nikarudi kwenye uwanja wa mchanga mweusi kuongea na wateja.

Basi turudi Sapiwi, kwenye msiba. Tulipokwisha kuzika tukakaa kula, ugali na nyama, kwenye majamvi. Maduhu akaniita. "Masunga, ngosha, njoo hapa ukae na vijana." Nikakaa. Akawaambia wale wanafunzi wake, "Ndiye huyu." Vijana wakaacha kula, wakaniamkia mmoja mmoja kwa mikono miwili, kama wanaonijua. Nikashangaa. Mmoja wao akasema, "Shikamoo, mzee. Sisi tulidhani ni jina la kitu tu." Maduhu akacheka kwa mabega yake. Akanieleza kwamba kwenye gereji yake hakuna gari la fowili linalotoka likiwa limebadilishwa injini kabla halijawekewa tonge kwenye difu. Na hilo tonge wanaliita Masunga. Fundi mkubwa anauliza, "Umeshaweka Masunga?" Kijana anajibu, "Nimeweka, mkuu." Miaka yote hiyo. Akawageukia, akasema, "Aliniumiza siku ile, mbele za watu. Lakini aliona asubuhi, akasema asubuhi. Fundi wa kweli halali na kosa la mwenzake tumboni."

Nilitaka kuinuka nikanawe. Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza, na mimi nilikuwa nimeshawahi kunyamaza, nikajua kunavyokuwa.

"Maduhu," nikasema, "uliniuliza nilijua lini."

"Nilikuuliza."

"Haikuwa asubuhi ile. Ilikuwa siku ya kukaza bolti. Kabla hujakwenda Lingeka. Vidole viwili, nilipima. Na mipira niliona haipo."

Maduhu alikuwa ameshika mfupa, akauweka kwenye sahani, akaugeuza, akaugeuza tena. Niliona chale za viganja vyake, zimefifia lakini zipo. Nikangoja anitukane. Nilikuwa tayari, nadhani hata nilikuwa nataka. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Sasa umeniharibia hadithi yangu. Hii ndiyo ninayowafundishia hawa."

Kijana mmoja, mdogo wao, akauliza kwa woga, "Sasa mkuu, tutaliitaje?"

Maduhu alifikiri. Alifikiri kweli, kama anavyofikiria bamba la chuma. "Mtaliita hivyohivyo," akasema. "Mkishaweka Masunga, mkiona nafasi haitoshi, semeni siku hiyohiyo." Akanawa mikono, akasimama, akawaaga wazee kwa kufuata umri, na alipofika kwangu akanipa mkono kama aliowapa wengine, si mrefu, si mfupi. Wakapanda gari wakaondoka. Mimi nilibaki nimesimama karibu na zizi, naisikiliza injini inavyokwenda mpaka barabara kuu, natafuta kasoro. Sikuipata.